Akaaye Juu ya Mto
Maji yapitayo hapa Bigwa kutoka Uluguru hushukia Ngerengere, kisha Ruvu, na watu wa Dar es Salaam huyanywa. Kanuni ya Adhabu yamhukumu mtu achafuaye kwa kusudi chemchemi ya watu wote. Mshitakiwa aweza kujitetea, “Sikukusudia,” au, “Si mimi peke yangu.” Neno la kwanza huenda likamponya barazani. Lakini yeye ajuaye kwamba chini yake wako wanywaji, akaosha bomba la dawa ya wadudu mtoni, atasema nini? Mtoto anywapo hapimi kusudi letu. Na wachafuzi wakiwa kumi, hatia haigawanywi mafungu kumi. Kila mmoja huichukua yake nzima.