Mgeni Asiye na Diski

Watu wa kompyuta waliazima maneno ya sebuleni. Kompyuta halisi, ile unayoigusa, wanaiita mwenyeji. Mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu tupu na kuishi ndani ya ile ya kwanza, wanaiita mgeni. Na ukishamwita mtu mgeni, kuna mambo umeshajifunga nayo.

Kawaida mgeni hupewa diski yake. Si diski ya kushika. Ni faili moja kubwa kwa mwenyeji, inayojifanya diski. Mgeni anaamka humo, anaweka vitu vyake humo, na hajui kama kuna nyumba nje. Lakini kuna njia nyingine. Programu kama QEMU inaweza kumwasha bila diski kabisa. Inampa keneli ya Linux, kisha inamwonyesha folda ya mwenyeji: mfumo wako wote uko hapa. Maombi yake hupitia 9P, itifaki iliyozaliwa Bell Labs kwenye mradi wa Plan 9, au virtiofs, iliyoingia Linux toleo la 5.4 mwaka 2019. Kila faili anayotaka, mwenyeji ndiye anamfungulia.

Huyo wa pili ndiye tunamdharau mtaani. Bado uko kwa brathe? Utajitegemea lini? Nimeulizwa hivyo tangu niache chuo, nikiandika kwenye meza ambayo si yangu. Lakini angalia vizuri. Mwenye diski yake naye anaishi ndani ya faili ya mwenyeji. Stima ni ya mwenyeji, memori ni ya mwenyeji. Ni vile tu haoni. Mwenye keja yake ana landilodi, ana chama, ana mkopo kwa simu. Mimi sioni aibu katika kutegemea. Ninachouliza ni hiki: mwenyeji naye anadaiwa nini?

Ndani ya mgeni kuna mtumiaji anayeitwa root, bwana wa kila kitu. Akisema faili hii ni yangu, mwenyeji afanye nini? QEMU ina majibu zaidi ya moja. Katika mpangilio mmoja umiliki unaandikwa kweli kweli kwenye diski ya mwenyeji, na kwa hilo QEMU yenyewe inahitaji mamlaka ya root. Wengi huogopa kumpa mgeni nafasi hiyo, na siwalaumu. Katika mpangilio mwingine faili inabaki ya mwenyeji, ila pembeni yake anabandika kikaratasi: huyu mgeni ndiye mwenyewe. Kila mgeni akiuliza, anasomewa kikaratasi.

Kuna atakayesema huo ni uongo. Mimi nauona kama ahadi. Brathe akiniambia "hapa ni kwako," sote tunajua risiti ya nyumba ina jina la nani. Maneno yake yanakuwa kweli kwa sababu kesho na keshokutwa anayaheshimu. Zima mashine, iwashe tena, kikaratasi bado kipo.

Sasa kuna njia ya tatu. Tangu 2014 Linux ina overlayfs, inayokuwezesha kutandika tabaka la memori juu ya folda ya mwenyeji. Mgeni anasoma kila kitu, anaandika anachotaka, anafuta, anapanga upya. Akizimwa, vyote alivyoandika vinapotea na nyumba inabaki kama hakuwahi kufika. Kwa kujaribu keneli mpya hiyo ni busara tupu. Mashine ya majaribio haina maisha ya kupoteza.

Lakini dada wa kazi anayo. Anaambiwa, "Wewe ni wa familia." Analala humo, anapika humo, mtoto anajifunza kutembea akishika kidole chake. Miaka sita. Halafu Jumapili moja anatoka na begi moja, bila barua, bila akiba. Mtoto anaambiwa ameenda kwao. Baada ya wiki mbili hakuna atakayekuonyesha kwamba aliishi hapo. Alipewa maneno ya kikaratasi, kumbe alikuwa anaandika kwenye memori.

Afadhali bosi anayesema mapema: hii ni kazi, saa ni hizi, mshahara ni huu, Jumapili ni yako. Huyo hajamwita ndugu, lakini anachomwahidi kinabaki mkononi mwake. Mkarimu wa mdomo ndiye ananitia wasiwasi, maana anachukua mapenzi ya mtu kwa bei ya neno.

Kwa hivyo, kabla hujamwambia mtu "jisikie nyumbani," jiulize: akiondoka leo, ni kipi alichoandika hapa kitakachobaki? Na kama ni hakuna, mbona usimwambie hivyo akiwa bado mlangoni? Tumefundishwa kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu umpe jembe. Sawa, mpe. Ila akishalima, usije ukasema shamba lilijilima.