Meza Ndogo na Meza ya Bwana



Msafiri afikaye Kabongo na njaa hahitaji kutafuta sana. Kando ya njia, karibu na soko, ataona nyumba ndogo ya chakula, ile tuitayo malewa: meza moja, benchi mbili, na mama akisonga bukari juu ya moto wa makala. Kuna sombe, kuna maharagwe, na pengine samaki wa ziwa Upemba au Kisale. Msafiri ananawa mikono, anaketi, anakula.

Lakini anaketi karibu na nani? Hilo ndilo fundisho letu la leo. Katika nyumba ile hakuna achaguaye jirani yake. Mwalimu anagusana bega na mchukuzi, na mwenye kesi anaweza kumkuta mshitaki wake benchi ile ile.

Wazee wetu Waluba walijua kwamba kula ni jambo kubwa. Wanasimulia juu ya Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, baba yake Kalala Ilunga. Nkongolo Mwamba alikula mbele ya watu wote. Mbidi hakukubali kuonekana akila. Tangu hapo wafalme wa Waluba walikula peke yao, mahali pa siri, na hiyo ilikuwa heshima ya ufalme.

Sasa mtazameni Bwana wetu Yesu Kristu, Mfalme wa wafalme. Yeye alikula hadharani. Aliingia nyumbani kwa Zakayo mtoza ushuru, na watu wakanung’unika. Alijua wanavyosema, wala hakuondoka mezani. Wafalme wa dunia walijificha ili waheshimiwe. Yeye alijionyesha ili tuokoke.

Hata Mtume Petro alijaribiwa katika neno hili. Huko Antiokia alikuwa akila pamoja na Wakristu wasio Wayahudi. Walipokuja watu fulani kutoka Yerusalemu, akaogopa, akajitenga. Mtakatifu Paulo akamkemea mbele ya wote. Kwa nini amkemee kwa ajili ya chakula tu? Kwa sababu anayekataa kula na ndugu yake anasema kwa tendo hilo kwamba Kristu hakufa kwa ajili ya yule.

Nasi tusijidhani kuwa bora. Upande wa kaskazini, katika nchi ya Tanganyika, ugomvi wa Waluba na Watwa ulimwaga damu nyingi kuanzia mwaka 2013. Vijiji viliteketezwa, watu wakakimbia na watoto mgongoni. Kabla mtu hajashika mshale, moyo wake umekwisha kusema: Siwezi kunywea kikombe alichonywea Mtwa. Mkatekumeno asemaye hivyo malewani, je, siku ya ubatizo wake atasema nini, Padri atakapomwita Mtwa yule ndugu yake?

Tena, tujifunze kwa watu wa mbali. Katika nchi ya Japani kuna nyumba ndogo za chakula kama malewa zetu. Nyingine hazina nafasi ya watu kumi. Huko wanakula rameni: nyuzi ndefu za unga wa ngano, zilizokandwa kwa maji yenye magadi, ndani ya mchuzi wa mifupa ya nguruwe au ya kuku. Chakula hiki kilitoka China. Mwaka 1910 nyumba moja ya mji wa Tokyo, iliyoitwa Rairaiken, iliwaajiri wapishi Wachina kukipika, na watu wakakipenda. Walaji huketi bega kwa bega mbele ya mpishi. Kabla ya kula, wengi huunganisha mikono na kusema neno moja, maana yake: Napokea kwa unyenyekevu. Wajapani walio wengi sana hawajabatizwa. Kama wao hushukuru namna hiyo, itakuwaje sisi tuone haya kufanya ishara ya msalaba mbele ya wageni?

Basi shikeni majibu haya matatu.

Ul. Mkatekumeno afanye nini kabla ya kula malewani?
Jib. Afanye ishara ya msalaba bila haya, amshukuru Mungu, naye amshukuru mama aliyepika.

Ul. Je, yatosha kushukuru kwa mdomo?
Jib. Haitoshi. Amlipe mama yule haki yake, maana makala na unga vimenunuliwa kwa fedha, na deni lisilolipwa linawanyima watoto wake chakula. Wala mume asishibe samaki sokoni, na nyumbani mke na watoto wakalala njaa.

Ul. Akija mtu anayedharauliwa, afanye nini?
Jib. Asogee, ampe nafasi, ale pamoja naye.

Wapenzi, mnangoja kwa hamu siku ya kupokea Ekaristi Takatifu. Ni vema. Lakini kumbukeni Wakorinto: walikusanyika kwa Meza ya Bwana, huku mwenye mali akishiba na maskini akitazama. Paulo aliwaambia kwamba hiyo si karamu ya Bwana tena. Kwenye Meza ile hamtachagua jirani. Anzeni sasa kujifunza, juma hili, kwenye benchi ya malewa: mtu akisimama na sahani yake mkononi, sogeeni.