Baada ya Mwisho wa Dunia, Jirani Yangu Ni Nani?



Baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza, wengine kwa mzaha na wengine kwa masikitiko kidogo, inakuwaje mwalimu mstaafu, tena mzee wa kanisa, apende kutazama sinema za mwisho wa dunia. Aliyeniuliza kwa uwazi kuliko wote ni kijana mmoja wa kwaya yetu ya hapa Dodoma. Ndiye huniletea sinema hizo katika kompyuta yake jioni za Jumamosi, nasi huzitazama barazani kwangu mpaka umeme ukatike au mama atuite kula. Siku moja tulipokwisha kuona mojawapo aliniambia: "Mwalimu, mimi nimejifunza jambo moja tu. Dunia ikiisha, cha kwanza bunduki, cha pili geti. Huko hakuna cha jirani." Akacheka. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu jibu langu ni refu na lina aibu ndani yake.

Kwanza tuelewane ni sinema zipi nisemazo. Sisemi zile ambazo mji mzima unaporomoka, bahari inafunika maghorofa, na shujaa anaokoka pamoja na mbwa wake. Hizo ni sinema za maafa, na mimi huwa nasinzia. Nasema zile zinazoanza kesho yake. Maafa yamekwisha pita. Pengine hata hatuambiwi yalikuwa nini. Wamebaki watu wachache, na mtunzi amewaondolea polisi, mahakama, soko, mshahara na macho ya watu. Kisha anawakutanisha wawili wasiojuana penye kopo moja la chakula, naye ananyamaza kuona watafanya nini. Hapo ndipo ilipo aina yenyewe. Vumbi, magari yenye kutu na nguo zilizochakaa ni mapambo tu. Wazungu huziita sinema hizi kwa neno la Kigiriki lile lile ambalo ni jina la kitabu cha mwisho cha Biblia, na maana yake ya asili ni kufunua, kama mama anavyofunua chungu jikoni. Kilichomo chunguni kilikuwamo tangu asubuhi.

Niipendayo kuliko zote ni ya zamani, ya mwaka 1959, nyeusi na nyeupe, na jina lake Waanglikana mtalitambua mara moja kwa kuwa limo katika Litania ya Kitabu cha Sala: The World, the Flesh and the Devil, yaani Dunia, Mwili na Shetani. Mchezaji mkuu ni Harry Belafonte, aliyefariki mwaka 2023. Wenye umri wangu wanamkumbuka kwa sauti yake. Aliimba "Malaika" pamoja na Miriam Makeba, na mwaka ule ule wa 1959 alikuwa miongoni mwa Wamarekani mashuhuri waliomsaidia Tom Mboya kuchanga fedha za kuwapeleka wanafunzi wa Kenya kusoma Marekani. Basi katika sinema hiyo yeye ni Ralph, mkaguzi wa migodi aliyefukiwa chini ya ardhi huko Pennsylvania. Anajichimbua siku kadhaa baadaye, anakuta dunia ni kimya. Sumu ya vita imeua watu, imekwisha pita. Anasafiri mpaka New York, anatembea katika barabara tupu akiita, na hakuna anayeitika ila mwangwi wake mwenyewe.

Baadaye anatokea mwanamke mmoja, Sarah, naye ni Mzungu. Hapa sinema inakuwa ya ajabu. Watu wote wameondoka, sheria zote zimeondoka, hata wale waliokuwa wakimdharau Ralph kwa rangi yake hawapo tena. Lakini Ralph anakataa kukaa jengo moja na Sarah. Siku ya kuzaliwa kwake anamwandalia chakula kizuri, anampakulia, anamwimbia, kisha hakubali kuketi naye mezani. Anajifanya mtumishi wa hoteli. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni mchezo. Mara ya pili niliona kwamba mtu yule amebeba ndani yake dunia yote iliyokufa. Kumbukeni kwamba mwaka ule, katika majimbo mengi ya Marekani, mweusi na mweupe hawakuruhusiwa kuoana. Katazo hilo lilifutwa na Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1967. Polisi walikwisha kufa, katazo lingali linatembea.

Ndipo anapofika mtu wa tatu, Ben, mwanamume Mzungu, kwa mashua, akiwa mgonjwa. Wanamuuguza, anapona, na akiisha kupona anamtaka Sarah. Wanaume wawili wa mwisho katika mji uliokuwa wa mamilioni wanachukua bunduki na kuwindana. Katika kukimbia, Ralph anafika penye jengo la Umoja wa Mataifa, mahali palipochongwa ukutani maneno ya nabii Isaya juu ya panga zitakazofuliwa kuwa majembe. Anayasoma akihema. Anatupa bunduki, anarudi kwa Ben mikono mitupu, na Ben, ambaye angeweza kumpiga, hawezi. Watu wengine husema mwisho huo ni wa kitoto. Mimi naona jambo moja: yale maneno yalikuwa ukutani siku zote, na mji mzima ulipita mbele yake kila siku ukienda kazini.

Mwaka huo huo wa 1959 ilitoka On the Beach, kutokana na kitabu cha Nevil Shute. Vita vya atomiki vimeua nusu ya kaskazini ya dunia, na watu wa Melbourne, Australia, wanangojea upepo uwaletee sumu. Humo hakuna wa kuokoka, kwa hiyo hakuna cha kugombania, na labda ndiyo sababu watu wake ni wapole mno. Sehemu isiyonitoka ni ile ya manowari iliyotumwa mpaka Marekani kwa sababu redio imenasa ishara za simu ya upepo. Je, kuna mtu hai? Baharia anashuka, anatafuta, anakuta ni chupa ya soda iliyonaswa katika kamba ya pazia la dirisha. Upepo ukivuma, chupa inagonga kitufe cha mtambo. Safari yote ile kufuata hodi iliyobishwa na upepo!

Kijana wangu, hata hivyo, anapenda zaidi Mad Max, hasa ile ya pili ya mwaka 1981, ya watu wa jangwani Australia wanaouana kwa ajili ya petroli. Siwezi kumlaumu, inasisimua. Aliyeitunga, George Miller, alikuwa daktari, na alihudumia watu walioumia kwa ajali katika hospitali ya Sydney, kwa hiyo anajua gari linavyouvunja mwili. Lakini naona sinema za namna hiyo, na wafuasi wake ambao sasa ni wengi kama nzige, zimefanya haraka. Zinadhani ukiondoa polisi asubuhi, jioni watu wote wamevaa ngozi na kuwa mafisi. Yawezekana huko zilikotungwa hawakuwahi kuona. Sisi wa Ugogo tuliona.

Bibi yangu alikuwa msichana wakati wa Mtunya. Ni njaa ya miaka ya 1918 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamepita humu yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakataa, na ile homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima ikaja juu yake. Inakadiriwa kwamba walikufa watu wapatao 30,000. Kwa aliyekuwa hapa, dunia ilikwisha, na sisi tuliozaliwa baadaye ni watu wa kesho yake. Bibi hakupenda kuisimulia, lakini alipoisimulia hakutaja mafisi wengi. Alitaja nyumba. Nyumba hii walipika usiku ili moshi usionekane. Nyumba ile walichota ubuyu na kuwagawia watoto wasio wao. Mdogo wake alipelekwa kwa watu waliokuwa na mtama, na kwa mtoto yule nyumbani wakapata mtama kidogo, hakurudi. Bibi aliwataja wenye nyumba wote kwa majina, waliotoa na waliofunga, miaka sitini baadaye, bila kuinua sauti.

Hapo ndipo niliposhindwa kucheka siku ile barazani, na sinema tuliyokuwa tumeiona ni The Road, ya mwaka 2009, iliyotokana na kitabu cha Cormac McCarthy. Baba na mwanawe wanatembea kwenda kusini katika nchi iliyoungua, jua halionekani, miti imekufa, wanasukuma kigari chenye vitu vyao vyote. Wapo wanaokula watu. Baba ana haki ya kuogopa, na kila anachofanya anakifanya kwa ajili ya mtoto. Siku moja mwizi anawaibia kigari. Wanamkamata. Baba anamwamuru avue nguo zote, hata viatu, wanamwacha uchi barabarani katika baridi ile. Mtoto analia, anasema yule mtu alikuwa na njaa tu. Baba anajibu kama ambavyo baba yeyote angejibu. Lakini mtoto haachi kulia, mpaka wanarudi na nguo zile, wanaziweka barabarani, na mwizi hayupo.

Mwaka 1981 nilikuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja, nafundisha shule ya msingi kijijini. Wakubwa wenzangu mnaikumbuka miaka ile: sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, na unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo tuliouita unga wa Yanga. Mimi nilikuwa na nusu debe ya unga huo chini ya kitanda, nimeupata kwa njia ambayo si lazima niieleze. Usiku mmoja mama mmoja jirani, ambaye mumewe alikuwa ameondoka, alikuja na mtoto mgongoni. Nilimwona kwa upenyo wa dirisha. Akasema, "Hodi, Mwalimu." Nikazima kibatari. Akabisha tena. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani, juu ya ule unga, ananitazama gizani. Sikuona macho yake lakini nilijua. Mnajua desturi yetu: hodi ni tatu, na ya tatu isipoitikiwa mgeni huondoka bila kinyongo, kwa kuwa huenda wenyeji hawapo. Nikaitegemea desturi ile. Hodi ya tatu ilikuwa ndogo sana. Kisha nikasikia kandambili zake zikienda.

Dunia ilikuwa haijaisha, ndugu zangu. Balozi wa nyumba kumi alikuwapo. Kituo cha polisi kilikuwapo. Jumapili ile nilisoma somo la kwanza kanisani, na sauti yangu haikutetemeka. Kwa hiyo kijana anaponiambia kwamba siku hiyo ikija hakutakuwa na cha jirani, najiuliza anadhani sisi wengine tulingoja siku hiyo ifike.

Jumamosi iliyopita nilimwomba anitafutie ya kwetu, na akaipata: Pumzi, ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009. Ni fupi, haifiki nusu saa, na kwa uzuri naiweka karibu na ile ya Belafonte. Miaka 35 baada ya vita vya maji, watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa. Jasho lao na mkojo wao husafishwa ili wapate kunywa, na inasemekana nje hakuna kilicho hai. Asha, mtunzaji wa jumba la makumbusho, anapata udongo wenye unyevu, anapanda humo mbegu ya zamani, inachipua. Anaomba ruhusa ya kutoka akaupande mche nje, wakubwa wanamkatalia. Anayemsaidia kutoroka ni mwanamke mfagiaji wa chooni, ambaye jana yake Asha alikuwa amemgawia maji yake kidogo. Anatembea jangwani na mche mkononi, na ulipofika mahali pake anaumwagia tone la mwisho la chupa yake, kisha jasho lake mwenyewe, anaulalia ili kuukinga na jua. Kijana hakusema neno la bunduki safari hii. Alirudisha nyuma mara mbili pale mfagiaji anapofungua mlango.

Nikaona ndiyo nafasi, nikamsimulia habari ya nusu debe, ambayo sijapata kumsimulia mtu isipokuwa kasisi mmoja, marehemu sasa. Alikaa kimya. Kisha akauliza swali ambalo kasisi yule hakuniuliza: "Na yule mama, Mwalimu, alikwenda wapi?"

Alikwenda nyumba ya tatu kutoka kwangu, kwa fundi baiskeli. Mke wangu aliambiwa kisimani asubuhi yake. Fundi alikuwa na watoto saba na hana mshahara wa serikali. Walimpa bakuli mbili za unga, na kwa kuwa usiku ulikuwa mwingi, wakamtandikia mkeka alale na mtoto wake mpaka kuche.