Kauri, Fundi wa Mng'ao

Maji ya bamvua yakipwa, nenda miambani, uinue taratibu jiwe moja la matumbawe. Chini yake utaona kitu kidogo, urefu wake kama sentimita 2, kimejibanza na kujifunika ngozi laini yenye vinyweleo. Kiguse kwa ncha ya kidole. Ngozi inaachana katikati ya mgongo, inarudi ndani pande zote mbili, na gamba linatokeza likimeremeta kama lililopakwa mafuta sasa hivi, limezungukwa na pete ya rangi ya dhahabu. Huyo ndiye kauri.

Mwaka 1758 mtaalamu wa viumbe Linnaeus alimpa jina la annulus, pete kwa Kilatini. Ndugu yake wa manjano alimwita moneta, yaani fedha. Leo wataalamu huwaweka wote wawili katika jenasi ya Monetaria.

Mng'ao huo watoka wapi? Konokono wengi huacha gamba wazi, likakwaruzwa na mchanga na kuota mwani. Kauri hulivisha lake. Ngozi ile ile inayolifunika ndiyo inayolipaka, tabaka juu ya tabaka, madini yale yale yaliyomo katika mawe ya chokaa. Akiwa mchanga, gamba lake ni jepesi na mdomo wake mpana. Akikomaa, mdomo hujikunja kwa ndani, meno yakajipanga huku na huku, na urefu ukakomea hapo. Kuanzia siku hiyo gamba huzidi unene tu.

Vikombe vyetu vizuri tunaviita vya kauri, kwa jina lake. Lakini mfinyanzi wa vyombo hivyo huhitaji tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,200 za Selsiasi. Kauri huifanya kazi yake ndani ya maji ya bahari, bila moto wala moshi. Subhana aliyemfundisha!

Wanadamu waliuona uzuri huo wakaufanya fedha. Msafiri Ibn Battuta alizikuta kauri zikitumika Maldivi katika karne ya 14. Katika karne ya 19 merikebu zilizibeba kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi. Waganda mpaka leo fedha huiita ensimbi, na cedi ya Ghana imetokana na jina la kauri. Kwa masikitiko, zilihesabiwa pia kuwa bei ya binadamu. Kosa hilo ni letu. Konokono hana hatia.

Yeye usiku hutoka kula mwani, mchana hurudi mafichoni. Jike huyakalia mayai yake, akiyafunika kwa mguu wake mpaka yaanguliwe. Basi ukishatazama na kumshukuru Muumba, lirudishe jiwe taratibu kama ulivyolikuta. Huenda umeinua paa la nyumba ya mama aliye na wanawe.