Uliacha au Uliachishwa?

Dada wa dirishani alikuwa mpole. Nalisema hili mapema kwa sababu habari za foleni na fomu huwa na karani mkali, na hii haina. Alipokea bahasha yangu, akapanga karatasi moja moja mezani: fomu, kitambulisho cha NIDA, hati za mshahara, barua. Kwenye barua akasimama. Akaisoma mara mbili, akaniangalia. "Dada, wewe uliacha kazi au uliachishwa?"

Mimi ni mwandishi wa habari. Nimewauliza watu maswali ya namna hiyo miaka kumi na moja, yale yasiyoacha uchochoro, na nikajiona hodari. Siku hiyo nilikosa la kusema, foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa.

Kwa asiyejua, fao la kukosa ajira liliingia kwenye sheria zetu 2018, wakati mifuko ya hifadhi ya jamii ilipounganishwa. Ukiwa umechangia angalau miezi 18, na kazi ikaisha bila wewe kuiacha mwenyewe, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Si hela ya kutajirika. Ni kodi ya chumba na unga. Zamani palikuwa na fao la kujitoa: ukitoka kazini unabeba michango yako yote. Lilipozuiwa 2012 wafanyakazi walikuja juu, wale wa migodini hasa. Hili jipya nalisoma kama maelewano: hutabeba chote, ila ukianguka bila kupenda tutakushika mkono. Kwa hiyo sharti la kutoacha mwenyewe lina akili yake, maana mfuko ni wa wengi. Swali la yule dada lilikuwa halali kabisa.

Sasa nieleze barua ile ilivyozaliwa. Ofisi yetu ilikuwa haijalipa mishahara miezi mitano. Matangazo yamekauka, kurasa zimepungua, chai ya saa nne imekufa. Siku moja tukaitwa mmoja mmoja. Mezani kwa bosi kulikuwa na barua imeshachapwa, jina langu limeshaandikwa, imebaki saini tu: naomba kuacha kazi kwa hiari yangu, kwa sababu zangu binafsi. "Ukisaini leo," akasema, "Ijumaa unapata malimbikizo ya miezi miwili. Usiposaini, sijui." Aliniita mdogo wangu. Ada ya mtoto ilikuwa inadaiwa, mwenye nyumba alishaanza kunipigia simu usiku. Nikasaini. Hata kalamu ilikuwa yake.

Niliacha au niliachishwa?

Lugha yetu inalijua jambo hili kuliko fomu. Kuacha ni kwako. Kuachwa ni kwa mwenzio. Kuachishwa kuna mkono wa mtu katikati, kama mtoto anavyoachishwa ziwa: siku moja anakuta chungu ya shubiri palipokuwa na maziwa, anageuza uso mwenyewe. Ukimtazama wakati ule utasema amekataa. Hakuna aliyemvuta. Lakini hakuna mama atakayekuambia mwanangu aliacha ziwa kwa hiari yake, kwa sababu zake binafsi.

Aristotle analigusa swali hili katika Maadili ya Nikomako, kitabu cha tatu. Anatoa mfano wa watu wanaotupa shehena baharini wakati wa dhoruba ili wasizame. Hakuna anayependa kutupa mali yake bure, anasema, ila kuokoa roho mtu yeyote mwenye akili atafanya hivyo. Matendo haya yamechanganyika, lakini anaona yanaelekea zaidi upande wa hiari, kwa kuwa dakika ile mkono unaotupa ni wako na uliamua.

Nilipousoma mfano huu chuoni niliukubali haraka haraka, mtihani ulikuwa karibu. Leo naona kuna kitu kinanikwama. Dhoruba haina haja na shehena. Haifuati nyuma ya jahazi kuokota magunia. Ya kwangu ilikuwa na kiti cha ngozi na kalamu, na kila nilichotupa kilimfaa mtu: sikudai kiinua mgongo, sikudai notisi, na kwenye makaratasi yake hakuna mtu aliyepunguzwa. Anayekuletea shida kisha akakuuzia njia ya kutokea hawezi kuja baadaye kusema ulichagua. Sidai kwamba sikuchagua. Nilichagua, na hilo ndilo linalonikera usiku. Ninachokataa ni kwamba uchaguzi ule uitwe kuacha.

Sheria yenyewe haiko mbali na hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu kuwa ni kuachishwa pia pale mfanyakazi anapoondoka kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike. Ila lazima ukalalamike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mimi nilifika dirishani siku ya hamsini na kitu. Dirishani wanasoma barua, na wangefanya nini kingine?

Nikiwa natoka, mzee mmoja kwenye foleni akaninong'oneza: "Rudi kwa bosi wako akuandikie nyingine. Wenzio wanafanya." Nikarudi, kweli. Bosi hakukataa. Angeandika kwamba nilipunguzwa, kwa tarehe ileile ya zamani, ila nami nisaini kwamba simdai chochote, yaani miezi mitatu iliyobaki nisamehe.

Hapo ndipo kichwa kilipouma. Barua ya kwanza ilikuwa halali na maneno yake ni uongo. Ya pili ingesema kweli tupu, nilipunguzwa, lakini kwa tarehe ambayo haikuandikwa. Mwenzangu mmoja alichukua ya namna hiyo, na mtu akimwita mwongo mbele yangu tutagombana. Mimi sikuchukua. Msinipigie makofi. Si usafi wa moyo, ni ile saini nyingine: mara ya pili ningeandika kwa hiari yangu, mezani pale pale.

Mpiga picha wetu, mtu mzima, alikuwa amegoma kusaini tangu siku ya kwanza. Alikaa bila senti, mwishowe akapewa barua ya kupunguzwa, na fao lake linaingia. Nilimsimulia, akacheka bila furaha. "Unachezea ada ya mtoto kwa falsafa." Inawezekana. Ada yenyewe amelipa mama yangu, kwa hela ya kuku wake, na nimeshindwa kumweleza kwa nini.

Wiki iliyopita nilikwenda Tume kuomba nisikilizwe nje ya muda. Kuna fomu, kama kawaida, inakutaka ueleze sababu za kuchelewa. Nilikaa na kalamu muda mrefu kuliko makala yoyote niliyowahi kuandika. Mwishowe nikaandika kwamba nilichelewa kwa sababu nilidhani niliacha mwenyewe.