Mikono Isiyonawiwa



Kila tunapoonya juu ya kunawa mikono, hakosi mtu wa kutujibu kwa Injili ya Marko, mlango wa 7: mbona Bwana aliwatetea wanafunzi waliokula bila kunawa? Twasema, shauri la siku ile lilikuwa mapokeo ya wazee na unafiki wa moyo. Mafarisayo hawakuja kuulizia habari za kuhara. Na tusome pia Mambo ya Walawi 15:11, ambapo mwenye kutokwa na kitu mwilini atakiwa aoshe mikono kwa maji kabla ya kumgusa mwenzake.

Mwaka 1968, katika mji wa Norwalk, Ohio, nchini Marekani, watoto wa shule moja na walimu wao walishikwa ghafula na kutapika na kuhara. Kirusi chenyewe hakikuonekana hata mwaka 1972, Albert Kapikian alipokitazama kwa darubini ya elektroni. Leo chaitwa norovirusi, jina lililotokana na mji ule.

Chembe chache mno zatosha kumlaza mtu. Hutoka kwa choo na kwa matapishi, tena mtu atapikapo, vitone huruka na kutua juu ya meza na vyombo. Baada ya saa 12 hadi 48 aliyeambukizwa huanza kuugua; siku moja hadi tatu, kwa kawaida amepona. Lakini huendelea kutoa virusi kwa majuma mawili au zaidi, na hapo ndipo penye mtego.

Twaijua aibu iliyopo. Mama mwenye zamu ya kupika siku ya kipaimara hataki kusema kwamba tumbo lamwendesha, asije akaitwa mvivu. Hunyamaza, akakata kachumbari ya watu mia. Tusimlaumu upesi, sisi tuliowacheka wenziwe ndio tuliomfunga kinywa.

Basi aliyeugua asishike chakula cha watu mpaka zipite saa 48 tangu kutapika na kuhara kukome, na hata baadaye anawe kwa bidii. Dawa ya spiriti tuliyoizoea tangu mwaka 2020 haikiwezi vema kirusi hiki. Tunawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, wala si wote katika beseni moja. Palipotapikiwa pasafishwe kwa klorini. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo maji safi lita moja yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Mtoto aliyelegea, au asiyekojoa, apelekwe hospitali mara moja.

Na anayekosa Ushirika Mtakatifu kwa sababu hiyo asihuzunike. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 chafundisha kwamba mgonjwa anayetubu, kuamini na kushukuru hulishwa na Kristo, ingawa kinywa chake hakikupokea. Naye kasisi akishikwa na tumbo, wazee wa kanisa wamwombe kasisi wa parishi jirani.