Mgeni Mezani, Mgeni Barazani

Asubuhi pale bandari ya Kituku, mjini Goma, kando ya Ziwa Kivu, mitumbwi na maboti hutia nanga kutoka Minova, Idjwi na vijiji vya Kalehe, yakiwa yamejaa maharage, ndizi, mihogo, makaa na watu. Akina mama wanapanga samaki wadogo waitwao sambaza kwenye mabeseni, watoto wanachota maji ya ziwa kwa bidoni za manjano, vijana wa chukudu, baiskeli za mbao, wanasubiri mizigo. Utasikia Kihavu, Kishi, Kitembo, Kihunde, Kinande na Kinyarwanda, na juu ya hizo zote Kiswahili, ambacho ndicho wanachopatania bei. Mnunuzi hamwulizi muuza maharage ukoo wake kabla ya kutoa fedha. Lakini tusiusifu upesi mno uvumilivu wa soko. Soko linamvumilia mgeni kwa sababu halimdai kitu zaidi ya bei nzuri, na jioni kila mtu anarudi kwa wake. Kanisa linamdai mgeni mambo mazito zaidi: aishi nasi, awalee watoto wetu katika imani, akae nasi matangani, atuzike. Kwa hiyo swali la namna ya kuzithamini tamaduni za wengine ni gumu zaidi kanisani kuliko bandarini, na nadhani makosa yetu mengi yanatokana na kudhani kwamba jibu la bandarini linatosha.

Nauliza swali hili kuhusu Walutheri hasa, ingawa katika Kivu ni wachache. Makao makuu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Kongo yako mbali, Lubumbashi, na ukitaja Waprotestanti mjini Goma wengi watawafikiria kwanza Wabaptisti wa CBCA au Wapentekoste wa 8e CEPAC. Usharika mdogo una majaribu yake. Mara nyingi mzigo wake hubebwa na familia chache zenye asili moja. Hao ndio wanaojua kufungua mlango, kuongoza wimbo na kushika daftari la sadaka, na polepole desturi za nyumbani kwao zinageuka kuwa desturi za kanisa bila mtu yeyote kuamua hivyo. Mhamishwa aliyekimbia vita akafika kwa boti anakuta mlango wazi, anakaribishwa kwa tabasamu, kisha anagundua kwamba ili awe wa humo kweli inampasa kwanza afanane na wenyeji. Hakuna aliyemfukuza, lakini bado yuko nje.

Mlutheri anayetaka kulipinga jambo hilo hana haja ya kuazima hoja kwa watu wa maendeleo au wa haki za binadamu. Anayo ndani ya ungamo lake. Mwaka 1530, pale Augsburg, wakuu na miji iliyofuata mafundisho ya Luther waliweka mbele ya Kaisari Karl wa Tano maelezo ya imani yao. Kifungu cha saba kinafundisha kwamba kwa umoja wa kweli wa kanisa yatosha kukubaliana juu ya mafundisho ya injili na juu ya sakramenti, na kwamba si lazima taratibu zilizowekwa na wanadamu ziwe sawa kila mahali. Watu wengi hukisoma kama ruhusa: kila kanisa lifanye linavyopenda. Mimi nakisoma pia kama katazo. Ikiwa injili na sakramenti zinatosha, basi yeyote anayeongeza sharti la tatu, liwe lugha, namna ya kuvaa, namna ya kulia msiba au jina la ukoo, ameliongezea kanisa msingi ambao halikupewa. Ubaya wake hauishii kwenye ukosefu wa adabu kwa mgeni. Amefundisha jambo la uongo kuhusu kanisa ni nini.

Luther mwenyewe alikwenda mbali zaidi. Anakumbukwa kwa kuwapa Wajerumani Biblia na ibada kwa lugha yao, na ni kweli. Lakini mwaka 1526, katika dibaji ya utaratibu wa ibada ya Kijerumani, alisema kwamba kama ingewezekana angependa Jumapili baada ya Jumapili ibada ifanyike kwa zamu kwa Kijerumani, Kilatini, Kiyunani na Kiebrania, na akawapinga wanaoikumbatia lugha moja na kuzidharau nyingine zote. Sababu yake ilikuwa ya vitendo kabisa: alitaka vijana watakaoweza kumtumikia Kristo katika nchi za wengine na kuzungumza na watu wa huko. Simtaji kama mtu asiye na doa. Luther huyohuyo mwaka 1543 aliandika kitabu cha chuki dhidi ya Wayahudi, ambacho makanisa ya Kilutheri ya leo yamekikana waziwazi. Tukio hilo lapaswa kututisha, kwa maana linaonyesha kwamba mtu aweza kuipenda lugha ya jirani, hata kuitafsiri maisha yake yote, huku akimchukia jirani mwenyewe.

Hapo ndipo ninapotofautiana na njia tuliyoizoea ya kuthamini tamaduni, yaani njia ya kwaya. Siku ya sherehe kila kundi linapewa wimbo wake, ngoma zinapigwa, wageni kutoka Ulaya wanapiga picha, na wote wanarudi nyumbani wakiwa na furaha. Siudharau muziki. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, alipokuwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, Tanzania, aliandika wimbo wa Pasaka «Mfurahini, Haleluya», na leo Wajerumani wanauimba kwa lugha yao wenyewe, umo katika kitabu chao cha nyimbo. Kanisa lililopokea tenzi za Ujerumani limewarudishia wimbo wake, na hilo ni jambo kubwa. Ila wimbo hauondoi mamlaka mikononi mwa mtu. Mwenyeji anaweza kuufurahia wimbo wa mgeni kwa miaka ishirini bila kumpa nafasi hata moja ya kuamua.

Mitume walikutana na jambo hili mapema. Sura ya sita ya Matendo inasimulia kwamba katika usharika wa Yerusalemu wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Ni malalamiko ambayo mtu yeyote wa Goma anayaelewa bila kufafanuliwa, kwa kuwa tumeona jinsi vita vinavyoleta wahamishwa, wahamishwa wanaleta misaada, na misaada inaleta orodha. Na anayeandika orodha ndiye anayejua nani atakula. Angalia sasa mitume walivyotatua. Hawakuandaa siku ya utamaduni wa Kiyunani. Hawakuwahubiria wajane uvumilivu. Waliliambia kusanyiko lichague watu saba wa kusimamia mgawo, na majina ya saba hao yote ni ya Kiyunani: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, ambaye hata hakuzaliwa Myahudi, bali alikuwa mwongofu wa Antiokia. Majina ya Kiyunani yalitumiwa na Waebrania pia, ni kweli, lakini yote saba kwa pamoja si jambo la kupita juujuu. Inaonekana waliolalamika walikabidhiwa ghala lenyewe. Kwangu hicho ndicho kipimo. Usharika unaithamini jamii ya mgeni pale unapomwachia kalamu ya orodha na ufunguo wa sanduku, na kuamini kwamba atawagawia wenyeji kwa haki kama alivyotaka agawiwe.

Wapo watakaosema kwamba ni rahisi na ni salama zaidi kila kabila kuwa na ibada yake. Hoja hii ina mtetezi mwenye uzito. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi kati ya Wachaga kuanzia 1902 hadi 1938, alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu amewapa watu, na kwamba kanisa lijengwe juu yavyo badala ya kuving'oa. Katika enzi ambayo wamisionari wengi waliona desturi za Kiafrika kuwa giza tupu, alistahili heshima, na bado anaistahili. Mjane aliyempoteza mwanawe ana haki ya kulia mbele za Mungu kwa lugha ya mama yake. Lakini Gutmann alikuwa mlimani Kilimanjaro, penye koo zilizokaa vizazi na vizazi katika migomba ileile. Ujirani wa Kituku umefanywa na vita, na lava ya Nyiragongo ya 2002 na 2021, na njia zilizofungwa. Barabara ya Minova ilipokatwa na mapigano mwaka 2024, watu walihamia majini, na tarehe 3 Oktoba mwaka huo boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, ikaua makumi ya watu. Jirani wa hapa ni yule uliyekaa naye kwenye boti, na mara nyingi si wa ukoo wako.

Zaidi ya hayo, Walutheri wameshalipa gharama ya kujifunza mpaka wa hoja hiyo. Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu lilipokutana Dar es Salaam mwaka 1977, mkutano uliomchagua Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake wa kwanza kutoka Afrika, lilitamka kwamba ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika ni jambo linalogusa ungamo lenyewe la imani. Mwaka 1984, huko Budapest, uanachama wa makanisa mawili ya Walutheri weupe wa ukanda huo ulisimamishwa. Nao walikuwa wakisema kwamba kuabudu kando ni suala la lugha na mazoea tu. Jibu la Dar es Salaam linatufaa na sisi. Ibada ya Kinande saa moja na ya Kiswahili saa tatu ni utaratibu. Zinakuwa dhambi siku mtu wa saa tatu anapokosa nafasi kwenye meza ya saa moja.

Pingamizi la pili ni la kweli zaidi: si kila desturi inastahili kupokelewa. Mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake hafarijiwi na hotuba kuhusu utajiri wa tamaduni. Nakubali. Nakubali pia kwamba kupokea kunabadilisha. Sambaza wanaouzwa Kituku si wenyeji wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, wakawa chakula na kazi ya maelfu ya watu, lakini vijidudu vya majini viitwavyo Daphnia vikatoweka. Anayesema mgeni hataharibu chochote anadanganya. Ninachokataa ni mwenyeji kujifanya hakimu ambaye desturi zake hazihukumiwi. Kipimo kiwe kimoja kwa wote: desturi hii inamwelemea nani, na je, inamzuia mtu asiifikie injili na meza? Kwa kipimo hicho shemeji wanaorithi mashamba ya wajane watashindwa, watoke Idjwi au Masisi. Zitapimwa pia taratibu tulizozirithi Ulaya na tunazozitetea kana kwamba zilishuka Sinai.

Pingamizi zito kuliko yote liko ng'ambo ya ziwa hilihili. Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, maelfu waliuawa ndani ya kanisa la Kibuye na kando yake, na wauaji na waliouawa walibatizwa kwa maji yaleyale. Kuishi pamoja kanisani kuliwafaa nini? Sina jibu la kuufuta msiba ule. Ila yafaa kuona kwamba watu wale hawakutenganishwa na utamaduni. Walisema lugha moja, waliimba nyimbo zilezile, walilima vilima vilevile. Kufanana hakukumwokoa hata mmoja, kwa hiyo msiba ule hauwezi kuwa hoja ya kudai kufanana. Kilichojulikana ni ukaribu wa viongozi wa dini na watawala: askofu mkuu wa Kigali alikaa kwa miaka mingi katika kamati kuu ya chama tawala. Kanisa ambalo baraza lake limeunganishwa na kundi moja lenye nguvu halina mtu wa kusema hapana siku kundi hilo linapochukua panga.

Wengine watasema wahamishwa ni wapita njia. Vita vikiisha watarudi kwao, kwa nini tuwape viti vya wazee wa kanisa? Wanyarwanda waliokimbilia Tanzania nao walikuwa wapita njia. Walipokelewa na Walutheri huko, wakabatizwa, wakajifunza kuongoza, na waliporudi kwao baada ya 1994 ndio walioanzisha Kanisa la Kilutheri la Rwanda, ambalo kabla ya hapo halikuwepo. Kama wenyeji wao wangewaweka kwenye viti vya nyuma kwa sababu ya lugha yao na kusubiri waondoke, wangeondoka kweli, mikono mitupu. Usharika wa Goma unapowachagua wazee wake, mhamishwa wa Kalehe au Masisi awemo katika hesabu tangu mwaka wake wa kwanza, akisoma daftari la sadaka pamoja na wengine, maana huenda analisoma kwa niaba ya usharika ambao bado haujazaliwa kijijini kwake.